Ubavu wa Kushoto wa Bihogo

Upepo wa Rubondo si wa kuchezea. Mwezi wa saba ukiingia, kuku hutaga yai moja mara mbili: akilitaga, upepo unalirudisha lilikotoka, naye analitaga tena. Anayebisha aende kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kule Uganda, Rubondo iliko, akawaulize kuku wenyewe. Basi katika upepo huo, humo kambini, kulikuwa na mjane mmoja kutoka milima ya Kivu ya Kusini, jina lake Kankindi, ambaye kila alfajiri alitoka na ndoo tupu akarudi na ndoo ya udongo. Wenzake walirudi na maji. Yeye udongo.

"Kankindi, leo umeteka kitoweo gani?" wanawake wa kwenye pampu walimwuliza.

"Cha rangi mbili," alijibu, akapita huku akiangalia vidole vya miguu yake.

Vidole hivyo alivijua kuliko uso wa mtu yeyote pale Rubondo. Ukimtazama machoni, yeye alitazama chini. Watu wakasema ni heshima. Waacheni waseme. Heshima huinamisha shingo, na aibu huinamisha shingo, na shingo yenyewe haisemi imeinamishwa na ipi.

Kazi yake ilikuwa kuchora, ingawa hakuna aliyekuwa tayari kuiita kazi. Nyuma ya nyumba, kando ya banda la mbuzi, alijijengea kibanda cha miti na nyasi, mlango ukitazama bondeni kwenye matete. Humo alipanga udongo wake: mwekundu wa kichuguu, mweupe wa ukingoni mwa maji, mweusi wa tope la chini. Alikuwa na majivu ya jikoni, na mkaa aliousaga, na majani ya maharage aliyoyaponda mpaka yakatoa machozi. Rangi aliikoroga na uji wa muhogo ili ishike, akatia mavi ya ng'ombe kidogo ili isipasuke, kama mama yake alivyofanya alipokuwa akisiriba kuta. Alichora juu ya magunia ya mahindi aliyoyapasua na kuyawamba kwenye miti minne, kama ngozi inayokaushwa.

Kila asubuhi alichagua kitu kimoja tu kule bondeni. Leo gome la mgunga, kesho dimbwi, kesho kutwa mgongo wa kichuguu baada ya mvua. Alikaa mbele yake akakitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Siku moja alikitazama kichuguu muda mrefu hivi kwamba mchwa walichoka kungoja, wakaanza kumjengea yeye. Kisha aliondoka bila kugeuka nyuma, akaingia kibandani, akachora kile kilichobaki machoni. Hakikuwa jani, wala ndege, wala nyumba. Kilikuwa rangi imelala juu ya rangi, hapa imemwagika, hapa imekwaruzwa na kijiti.

Zaidi ya yote, hakuchora kitu chenye kichwa.

"Kichwa hapana," alimwambia jirani yake Eugénie. "Kikiingia kichwa, mudomo unaingia nacho. Na mudomo ukisha kuingia, unaanza kuuliza maulizo."

"Sasa hii ni nini?"

"Ni yenye imebaki."

Eugénie aligeuza gunia juu chini, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Hivi ni muzuri zaidi." Wakacheka wote wawili, ila Kankindi alicheka na vidole vyake vya miguu.

Sasa, ndani ya nyumba hiyo hakuishi peke yake. Aliishi na mama mkwe wake, Mukamurenzi, aliyemzaa marehemu mumewe, Pacifique. Mukamurenzi alikuwa mwanamke mrefu mwembamba, mtu wa ng'ombe tangu tumboni. Inasemekana alipozaliwa hakulia. Alipiga mluzi, na ndama watatu wakaja mlangoni. Huyo hata njaa ingemshika vipi, hakuweza kunywa maziwa ya mbuzi. Kwao maziwa ni ya ng'ombe, basi. Na kwa kuwa ng'ombe hawakuwa naye tena, kila asubuhi alikunywa chai isiyo na maziwa, nyeusi kama bwawa, na aliyemmiminia ni Kankindi.

Alimmiminia miaka minane. Kila alipomimina, alijua yale maziwa yalikokwenda.

Mwaka wa 2004, walipokimbia vita, walimshusha kutoka milimani ng'ombe mmoja tu aliyebaki, ng'ombe wa Mukamurenzi. Aliitwa Bihogo, kwa wekundu wake uliokolea kama kahawa iliyokaangwa sana, na ubavuni alikuwa na weupe uliotawanyika kama maziwa yaliyomwagwa na mtu mwenye haraka. Kwenye uwanda wa Ruzizi watu walitawanyika. Mukamurenzi alitangulia na wazee. Kankindi, nyayo zimepasuka, alibaki nyuma akimswaga Bihogo. Hapo ndipo lori la maharage liliposimama. Dereva alimtazama Bihogo kwanza, kisha akamtazama Kankindi.

Kankindi alipanda. Bihogo alipakiwa nyuma. Njia nzima kulikuwa na kidirisha mgongoni pa dereva, na Kankindi alijiapiza kutotazama, akatazama. Kabla ya mpaka dereva alimteremsha yeye peke yake.

Mukamurenzi alifika mpakani baada ya siku nne, kwa miguu, akiwa amejifunga majani kwenye nyayo. Hakuuliza habari za nguo wala za sufuria.

"Bihogo iko wapi?"

"Mama, baaskari," Kankindi alisema. "Balitokea mu mtama, kwa miguu, na bunduki. Balimuchukua."

Ndiyo hiyo hadithi ya lori. Kwa mtu wa mjini ni hadithi ndogo. Kwa watu wale, kumtoa ng'ombe wa mama mkwe wako, anayekamuliwa, anayejua jina lake, ili wewe ukae kwenye kiti, afadhali ukutwe unakula udongo sokoni.

Na kama hiyo haitoshi, kulikuwa na kanisa. Kila Jumapili, saa ya ushuhuda, Mukamurenzi alisimama katika kanisa lao dogo la Rubondo, akapandisha mikono mirefu, akasema, "Bwana asifiwe. Ninabasamehe tena bale baaskari benye balichukua Bihogo yangu. Kama beko na njaa, Mungu abape chakula. Kama beko na watoto, Mungu abakuze."

"Amina!" kanisa liliitika. Na Kankindi naye aliitika amina, miaka minane, Jumapili kwa Jumapili. Hesabuni nyinyi wenye vidole vingi.

Basi mwaka wa 2012 akaja Anne. Huyu alikuwa mama wa mji wa Mbarara, mnene, mcheshi, mwenye nyumba mpya ya wageni, aliyefika Rubondo kununua maharage ya jikoni kwake. Upepo ulimpeperushia kilemba hadi kwenye kibanda cha Kankindi. Alikifuata kilemba akakuta magunia.

"Nyabo, mama!" aliita. "Nani anafanya hii?"

"Mimi," Kankindi aliviambia vidole vyake.

"Iko mzuri sana! Lakini nauliza, hii ni nini?"

"Ni matope, mama. Na maji juu yake. Na matete."

Anne alichagua gunia kubwa kuliko yote, lile la magunia manne yaliyoshonwa pamoja, refu kama ukuta. Kankindi alikuwa amelichora msimu wa mvua, siku saba mfululizo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Tope jekundu, weupe wa maji uliomwagika katikati, na michirizi myeusi ya mkaa iliyokatiza kutoka upande huu hadi ule: matete yaliyoangushwa na upepo. Ndivyo alivyojua yeye. Siku ile ya saba alilia, akadhani ni moshi wa jikoni.

"Hii utaleta Mbarara," Anne akasema. "Itakaa kwa chumba cha kula, watu waone wakikula."

Gunia kubwa vile mwanamke mmoja hawezi kulibeba. Mukamurenzi alimwomba shemeji yake, mzee Nkusi, amsindikize mkwe wao. Nkusi alikuwa mchunga ng'ombe wa zamani, mwenye fimbo na kofia isiyovuliwa hata na tufani. Huyo mzee aliweza kuonyeshwa kwato moja kwenye matope akakuambia jina la ng'ombe, jina la mama yake, na kama alikuwa na hasira alipopita. Wakalizungusha gunia kama mkeka, wakapanda gari la ndizi, wakafika Mbarara jua la saa tano.

Vijana wawili wa Anne walilipigilia ukutani. Nkusi alikaa mezani, akaletewa chai ya maziwa, akainua kikombe. Kikombe hakikufika mdomoni.

Alikiweka chini polepole. Akavua kofia. Akasimama, akanyoosha mikono juu, vidole vikitazamana kama pembe, kama wanavyofanya wakimsifu ng'ombe, na sauti yake ikajaza chumba mpaka vijiko vikalia kwenye sahani:

"Bihogo, mteremko haukukutisha! Binti wa aliyekunywa mto ukabaki mchanga! Uliyepita kwa jirani, na wivu ukamea mlangoni mwake!"

Vijana wakaangua kicheko. "Mzee amelewa chai!"

Lakini Anne hakucheka. Alikuwa Mnyankore, na baba yake alikuwa na ng'ombe kabla hajawa na binti. Akasogea ukutani, akainamisha kichwa upande.

"Ssebo, mzee wangu, ni kweli," akasema taratibu. "Hii ni ubavu. Ubavu wa kushoto. Hapa kuna mbavu zenyewe. Nyabo, mbona ulisema matope?"

Kankindi aliangalia. Akaona. Miaka minane alikuwa akikimbia vichwa, akadhani mdomo ndio unaosema. Na hapa ubavu ulikuwa umesimama ukutani, mkubwa kama siku ile, ukipumua. Alitaka kuuzuia kwa kanga yake, lakini kanga ingefunika mbavu mbili tu.

Nkusi alikuwa ameshusha mikono. Alikaribia, akafuata kwa ncha ya fimbo ile michirizi myeusi, mmoja baada ya mwingine.

"Haya si matete," akasema kwa sauti ya chini, kwa Kankindi peke yake. "Matete hayalale sawasawa hivi. Hizi ni mbao. Mbao za lori."

Kankindi alivitazama vidole vya miguu yake.

"Mwanangu, bale baaskari balikuwa na lori?"

Akajifunga kanga upya.

"Wewe ulisema balitoka mu mtama, kwa miguu. Mukamurenzi alinielezea. Mutu mwenye iko chini, mu njia, hamuone ng'ombe hivi. Hivi anamuona mutu mwenye iko mbele, mu kiti, akigeuka nyuma." Akavaa kofia yake. "Mutu alikuwa mu kiti."

Anne aliwaletea chakula, wali na nyama. Kankindi hakuweza kuigusa ile nyama. Alisema tumbo linauma, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 2004 hakuwa amesema uongo.

Wakati wa kurudi, dereva wa gari la ndizi alisema mbele kuna nafasi ya mtu mmoja. "Mama apande, mzee yuko imara."

"Hapana!" Kankindi alipiga ukelele ambao dereva mpaka leo hajauelewa. Akapanda juu, kwenye majani makavu ya ndizi, akakaa akitazama barabara ikikimbia nyuma, vumbi likimpaka wekundu. Mbele, Nkusi alikaa kimya kwenye kiti.

Walipoteremka Rubondo, jua lilikuwa bado halijazama. Nkusi alisema, "Mukamurenzi ni muke wa kaka yangu. Kesho nitakuja kunywa chai kwake. Nikifika, akuwe amesikia. Kama hajasikia, atasikia kwangu, na kwangu itakuwa mbaya zaidi, maana mimi nitamusifu Bihogo kwanza."

Asubuhi Kankindi hakwenda bondeni. Alimimina ile chai nyeusi. Mukamurenzi alikuwa uani, ungo mapajani, akichambua maharage.

"Mama."

"Ninasikia."

"Bihogo hakuchukuliwa na baaskari."

Vidole vya Mukamurenzi viliendelea. Jiwe huku, haragwe huku.

"Nani alimuchukua?"

"Mimi. Nilimupa dereva, anipe fasi mu lori."

"Fasi ngapi?"

Kankindi alikuwa amejiandaa kwa kila swali, kwa kofi, kwa fimbo, kwa kufukuzwa. Hilo hakujiandaa nalo.

"Moja," akasema.

"Moja." Mukamurenzi aliweka ungo chini. "Bihogo. Mwenye alijaza chombo asubuhi na magaribi. Kwa fasi moja. Yule ng'ombe alitosha lori muzima, na dereva, na bibi ya dereva akuoshee miguu." Sauti ilimpanda, ikakatika. "Ungeomba mbili, Kankindi. Siku ine nilitembea. Ungeomba mbili."

Alichukua kikombe cha chai, akakimwaga chini, akaingia ndani. Nkusi alipofika alikuta uani kuna ungo, na mkwe aliyepiga magoti mbele yake. Akageuka, akaondoka na fimbo yake.

Tangu siku hiyo hadi Jumapili, Mukamurenzi hakumsemesha. Jumapili ikafika. Kankindi alikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wachelewaji. Saa ya ushuhuda mikono mirefu ikapanda, na kanisa likaanza kukohoa tayari kwa amina yake.

"Bwana asifiwe. Bandugu, mimi leo nimekuja kurudisha. Miaka munane nimebasamehe bantu benye hawakunikosea. Bale baaskari, kama beko na zambi, ni zambi zingine, bajuane na Mungu. Ninaomba Mungu anirudishie musamaha wangu wote, Jumapili zote, niupeleke fasi yake." Akashusha mikono. Kanisa zima halikujua liitike nini. "Fasi yake ninaijua. Iko pale nyuma. Lakini mimi sijafika. Mutuombee."

Shingo zote ziligeuka. Nawaambia, upepo wenyewe ulichungulia dirishani. Eugénie, aliyekuwa kando ya Kankindi, alisogea mbali naye kidogo kwenye benchi, si sana, upana wa kiganja hivi. Kiganja hicho kilimchoma Kankindi kuliko macho yote ya kanisa. Hakuna aliyesema amina. Naye, aliyezoea kuisema, aliifunga mdomoni.

Jumatatu alitaka kukivunja kibanda. Alikwisha kung'oa mti mmoja Mukamurenzi alipotokea, kigoda mkononi. Aliuangalia ule mti hadi Kankindi akaurudisha shimoni. Kisha akaingia mahali ambapo hakuwahi kuingia, akaweka kigoda, akakaa.

"Nkusi anasema ulimuchora Bihogo kule Mbarara."

"Sikujua kama ni yeye, Mama."

"Ubavu wa kushoto."

"Ndiyo, Mama."

"Ng'ombe iko na ubavu mbili. Wa kuume uko wapi?"

Kankindi alifumba macho akautafuta. Akatafuta njiani, akatafuta mtoni, akatafuta kwenye kidirisha. Hakukuwa na kitu. Siku zote alimswaga akiwa kushoto kwake, na ndani ya lori Bihogo alisimama amempa kushoto. Ng'ombe aliyemharibia usingizi miaka minane, na hakumjua ila nusu.

"Siujui," akasema.

"Mimi ninaujua. Nilimukamua upande ule. Saga rangi."

Akasaga. Na hiyo ndiyo ikawa kazi yake mpya ya kila siku. Hakwenda tena kuchagua gome wala dimbwi. Alichota udongo tu, akarudi, na Mukamurenzi alikuwa tayari kwenye kigoda. "Wekundu ule hapana, ule ni wa mbuzi. Weka majivu. Weupe ulianzia chini ya nundu, ukashuka kama mutu mwenye anateremuka akichoka. Hapana. Siyo yeye. Pangusa." Kankindi alipangusa. Gunia moja lilipakwa na kupanguswa hata likawa zito kama mlango wa chuma, na panya waliokuwa wakilitafuna walihama kambi, wakaenda ile ya jirani, ya Oruchinga.

Mgeni akipita na kuuliza, Mukamurenzi hakupindisha. "Huyu ni mukwe wangu. Alitoa ng'ombe yangu kwa fasi moja mu lori. Sasa ananitafutia upande mwenye umepotea." Alisema hivyo kwa mchungaji wa kanisa. Alisema hivyo kwa wanawake wa kwenye pampu, waliokuja kwa zamu kama wanakuja arusini. Mwaka wa 2014 alisema hivyo kwa Anne, aliyetoka Mbarara kuuliza kama kuna gunia la pili, na Anne akajifanya anafunga upya kilemba. Kila mara Kankindi aliinama zaidi juu ya jiwe lake la kusagia, masikio yakiwaka, na hakuwahi kusema basi, Mama, watu wamesikia. Angelisemaje?

Asubuhi moja ya mwaka wa 2015, alikuwa amepaka tena, tangu ukingo hadi ukingo, akasogea kando kungoja neno alilolijua. Neno halikuja. Mukamurenzi aliinuka kwenye kigoda, magoti yakilia, akasogea hadi pua yake ikakaribia gunia. Akachovya kidole gumba kwenye udongo mweupe, akakikandamiza mahali, chini kidogo ya katikati. Kisha akaegemeza paji la uso pale pale, kama mtu anayekamua. Akakaa hivyo kitambo. Kankindi hakujua aangalie wapi, akaangalia vidole vya miguu vya mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza akaona viwili vya mguu wa kushoto vimepinda, tangu zile siku nne za kutembea.

Mukamurenzi alipojitenga, paji lake lilikuwa jekundu, na kwenye gunia palibaki alama.

"Hapo usipanguse," akasema, akichukua kigoda chake. "Kwingine kote, pangusa."